Kutoka Rufiji hadi Ruvuma: tukifuata mchanga juu ya chumvi ya Mandawa

Jumatatu: Dar es Salaam, Rufiji, Kilwa Masoko

Tulitoka Mbagala kabla ya alfajiri ili malori yasitutangulie Mkuranga. Garini tuko watatu: dereva, mimi ninayefundisha jiografia sekondari, na rafiki yangu wa tangu shuleni, mjiolojia aliyekaa miaka mingi akisoma picha za mitetemo ya chini ya bahari. Hatujafika Kibiti dereva alikuwa ameshambatiza Bwana Mawe, na jina likashika.

Safari nimeitaka mimi. Kila mwaka nachora ubaoni mto, bahari, na mishale ya mchanga unaoingia baharini, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuuliza: kama mito inamwaga mchanga pwani nzima, mbona miamba ya mchanga mnene iko hapa na haiko pale? Swali zuri kuliko mchoro wangu.

Daraja la Mkapa tulilifikia jua limeshapanda. Kiangazi hiki Rufiji umejibana katikati na kuacha mafungu ya mchanga wazi pande zote. Tukateremka hadi ukingoni, nikachota konzi moja na kuitandaza kiganjani. Punje nyingi ni nyeupe na ngumu, za kwatsi. Chache zina rangi ya waridi, nazo ni felspa. Na katikati yake vipande vyembamba vya ulanga vinavyomeremeta. Felspa huoza upesi kwenye joto na mvua. Kuiona ikiwa bado ina kingo kunaonyesha mchanga huu umeteremka kutoka kwenye miamba migumu ya bara bila kukawia sana njiani.

"Mto huu haukujichagulia njia," Bwana Mawe akasema. "Umekuta bonde limeshachimbwa."

Bonde lenyewe ni la zamani za Karoo, kati ya miaka milioni 300 na milioni 200 hivi iliyopita, Gondwana, bara kuu la kale lililoshikanisha Afrika na mabara mengine ya kusini, ilipoanza kuvutwa pande mbili. Ganda la dunia likivutwa halipasuki kwa mstari mmoja safi. Kwanza hutokea mipasuko mingi mifupi, kila mmoja na kijibonde chake. Mvuto ukiendelea, michache huungana na kuwa mirefu, mingine hufa. Kando ya mpasuko uliokua, kipande cha ardhi huinama: upande unaougusa mpasuko huzama sana, upande wa mbali huzama kidogo, na ng'ambo ya pili ukingo huinuka.

Hapo ndipo mchoro wangu wa ubaoni unapopungukiwa. Ukingo ulioinuka huigeuza mito, ikakimbilia upande wa pili. Ukuta wa bonde la ufa, hata uwe mrefu namna gani, mara nyingi huleta changarawe ya vijito vifupi tu. Mchanga mwingi huingia kwa milango miwili. Mmoja ni ncha ya bonde, ambako mto huingia na kufuata urefu wake. Wa pili ni pale mpasuko mmoja unapoishia na mwenzake kuanzia pembeni, maana kati yao hubaki mteremko usiokatika, na mto hauhitaji zaidi ya huo. Ukitaka kujua mchanga wa kale umelala wapi baharini, anza kuutafuta mlango.

Rufiji umetumia mlango wa kwanza. Unafuata bonde la Karoo hadi pwani, na delta yake inaitazama Mafia.

Chai tulinywea Somanga. Jirani, Somanga Funga, ndipo bomba la gesi ya Songo Songo linapopanda nchi kavu baada ya kilometa 25 hivi za chini ya bahari, kabla ya kwenda kilometa nyingine 207 hadi Ubungo. AGIP, kampuni ya mafuta ya Italia, waliigundua gesi hiyo mwaka 1974. Ikaanza kutumika 2004. Imo ndani ya mchanga wa mwanzo wa kipindi cha Kreteshasi (miaka kama milioni 145 hadi milioni 66 iliyopita), uliopasuka na kuinuliwa, ukamomonyoka kichwani, kisha tope la bahari likaufunika. Mpasuko umefanya kazi mbili hapo: umepanga mchanga ulale wapi, na baadaye umeuinua ili gesi ipate pa kukusanyikia. Watu husifu gesi. Mimi naona aliyestahili sifa ni tope, maana bila kifuniko chake hakuna ambacho kingebaki.

Kilwa Masoko tulifika jioni, kusi ikivuma kwa nguvu.

Jumanne: majaruba ya chumvi, Kilwa

Leo hatukugusa mwamba hata mmoja, na bado ni siku niliyojifunza mengi.

Tulikwenda kwenye mashamba ya chumvi kando ya mikoko. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akisimamia majaruba yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kununua au kutazama?"

"Kutazama kwanza, mama."

"Haya, tazameni. Lakini msikanyage hapo mwisho, pameshaiva."

Maji huingizwa wakati wa bamvua, bahari ikijaa kupita kiasi cha siku za kawaida. Yanakaa kwenye jaruba la kwanza siku kadhaa, yanapungua, yanafunguliwa kwenda la pili, kisha la tatu. Kwenye jaruba la kati Bwana Mawe aliingiza mkono na kubandua ukoko mwembamba wa sakafuni. Ulikuwa wa kijivu, unakwaruza, na ukiutia ulimini hauna ladha ya chumvi. Hiyo ni jasi. Jaruba la mwisho lina maji mazito yanayoteleza vidoleni, na chini yake punje za chumvi zimejenga pembe nne nne, nyingine zikiwa na shimo katikati ya kila uso.

Mpangilio huo haubadiliki popote duniani. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Yakikauka, chokaa hutangulia kutua. Jasi hufuata, maji yakiwa yamebaki kama theluthi hadi moja ya tano. Chumvi ya kula husubiri hadi yabaki kama sehemu moja ya kumi. Zile chumvi chungu za potasi na magnesi ni za mwisho kabisa. Mama huyaachia maji hayo ya mwisho yarudi baharini kwa sababu yanaharibu ladha.

Sasa ukubwa. Maji yenye kina cha meta 1,000 yakikauka yote huacha tabaka la meta 15 hivi tu. Kwa hiyo ukikuta chini ya ardhi chumvi yenye unene wa mamia ya meta, usidhani bahari ilikauka mara moja ikaisha habari yake. Lazima maji yalikuwa yakiingia tena na tena, kwenye ghuba nyembamba yenye kizingiti mlangoni: kiasi cha kuruhusu maji yaingie, si kiasi cha kuyaacha yatoke kwa uhuru. Bonde la ufa linaloanza kufikiwa na bahari huwa na umbo hilohilo. Ni refu, ni jembamba, na vipande vilivyoinama vinaweka vizingiti bila kuombwa. Pwani hii ilikuwa hivyo mwanzoni mwa Jurasiki, kipindi kilichotangulia Kreteshasi, kabla Madagaska haijaanza kuondoka. Chumvi iliyotua ndani yake wanajiolojia wanaiita ya Nondwa, kwa jina la mahali palepale wilayani Kilwa.

Wakati wa kuondoka niliteleza kutoka kwenye tuta na mguu mmoja ukazama topeni. Tope likapanda pande zote za kifundo na kutengeneza kingo. Bwana Mawe, badala ya kunipa mkono, akaniambia nikanyage tena hatua moja pembeni. Nikakanyaga, kingo ya kwanza ikasukumwa, ikahamia upande mwingine. "Chumvi nayo ni hivyohivyo," akasema, "ila mguu wake ni mchanga, na hatua moja huchukua miaka milioni kadhaa."

Mama alicheka sana. Tukanunua chumvi viroba viwili, maana kutazama bure nako si adabu.

Jumatano: Makangaga

Kutoka Nangurukuru tuliingia ndani kuelekea magharibi, njia ya vumbi jekundu, mikorosho kila upande. Makangaga panachimbwa jasi inayopelekwa kwenye viwanda vya saruji, kwa sababu saruji isiyotiwa jasi hushika haraka mno, fundi hajamaliza hata kuisawazisha.

Kwenye ukuta wa shimo jasi inaonekana kwa sura mbili. Iko iliyo nyeupe na laini, na iko iliyo angavu, inayobanduka kwa vipande bapa ambavyo unaweza kusomea gazeti kwa nyuma yake. Ukiikwaruza kwa ukucha inakubali. Lakini kilichomfanya Bwana Mawe atoe kamera ni mikunjo. Tabaka za jasi na udongo mweusi zimekunjwa, zimepinda, nyingine zimerudi juu ya nafsi yake, wakati udongo wa juu yake umelala umetulia.

Sehemu ya mikunjo ni ya jasi yenyewe: iliyofukiwa sana hupoteza maji na kuwa anhidraiti, na ikirudi karibu na uso huyanywa tena ikavimba. Lakini iliyobaki inatokana na kusogea. Tabaka hizi ni sehemu ya familia moja na chumvi, na familia nzima imekuwa ikitembea.

Chumvi yenyewe huioni hapa juu. Nchi yenye masika haiwezi kuwa na mlima wa chumvi, mvua ingeulamba. Hubaki jasi, udongo, na maji ya chumvichumvi kwenye visima vya wanakijiji. Iliyopo iko chini, na waliothibitisha hilo ni BP na Shell. Kati ya 1952 na 1964 walichimba visima vinne vya kwanza vya utafiti nchini: Unguja, Mafia, Pemba na Mandawa. Kile cha Mandawa kilipita kwenye chumvi nene na kwenda chini hadi kilometa nne. Mafuta hawakupata, wakafunga virago. Watu wengi wanaposimulia historia ya gesi nchini huanzia 1974, na kisima hicho hawakitaji. Mimi nakiona ndicho cha maana zaidi kwa anayetaka kuelewa mchanga wa hapa, hata kama hakikutoa tone.

Alhamisi: Mandawa

Barabara ya Lindi inapita Mandawa kwenyewe. Nchi ina miinuko mirefu isiyo na makali, na kwa mtu asiyejua ni vilima tu. Ukipima tabaka kwa dira unakuta zinainama kwenda pande mbili kutoka kwenye mgongo wa katikati. Mgongo wa Mandawa na ule wa Pindiro huelezwa kuwa umebebwa na chumvi kwa chini.

Tulimwacha dereva na gari chini ya mwembe, tukaingia kwenye korongo la mto uliokauka. Tulianzia karibu na mgongo, tukawa tunautoka. Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo tulipokuwa tunakuja tangu Jumatatu.

Karibu na mgongo mwamba wa mchanga ni mwembamba. Punje zake ni kubwa, zimechanganyika na vipande vya kombe vilivyosagika na vijiwe vya mviringo. Tabaka moja niliweza kulifunika kwa mkono uliokunjuliwa. Tukalifuata kwa mguu. Kadiri tulivyoondoka, lilinenepa hadi likanifika kiunoni. Punje zikawa ndogo, makombe yakapungua, na katikati yake zikaanza kuingia tabaka za udongo wa kijivu. Jambo la pili unaliona ukirudi nyuma hatua kadhaa na kutazama ukuta wote: tabaka za chini zimeinama sana, za katikati kidogo, za juu zinakaribia kulala.

"Huo ni mkanda wa video," Bwana Mawe akasema. "Kama kilima kingeinuka mchanga ukiwa umeshatua wote, tabaka zote zingeinama sawa. Hizi hazikuinama sawa. Maana yake?"

"Kilima kilikuwa kinainuka huku mchanga ukiendelea kutua."

"Mwalimu umefaulu."

Sasa sababu. Chumvi ya mwamba ina uzito wa gramu 2.16 kwa kila sentimeta moja ya ujazo, na uzito huo haubadiliki sana hata ukiizika chini kiasi gani, kwa sababu haina matundu ya kubanwa. Mchanga na tope vikiwa vipya ni vyepesi kuliko chumvi. Vikifukiwa, maji hutoka, matundu hufunga, na kufikia kina cha kilometa moja hadi moja na nusu hivi vinaipita chumvi kwa uzito. Hapo kizito kimekaa juu ya chepesi, na chepesi chenyewe kinaweza kutiririka, polepole lakini bila kuvunjika.

Vitabu vingi huishia hapo, na mimi nilikuwa nafundisha hivyohivyo. Bwana Mawe anasema kizito kukaa juu ya chepesi hakutoshi kuianzisha safari. Kinachoiamsha chumvi ni mzigo usio sawa. Delta ikisogea mbele na kulaza mchanga upande mmoja tu, chumvi ya chini yake hukimbilia upande usio na mzigo, hata kabla mchanga haujawa mzito kuliko chumvi. Palipolemewa pakazama, palipozama pakavuta mchanga mwingine, mchanga huo ukaongeza mzigo. Kibonde kinajichimbia chenyewe kwa kula. Pembeni, chumvi iliyosukumwa inapanda na kuwa mgongo au kuba, na sakafu ya bahari juu yake inainuka.

Matokeo yake ndiyo tuliyoyakanyaga korongoni. Juu ya mgongo maji ni ya kina kidogo, mawimbi yanapepeta, tope linaondolewa, zinabaki punje nzito na makombe yaliyovunjika. Kibondeni kuna nafasi, kwa hiyo mchanga unanenepa. Kwenye bahari ya kina kirefu tofauti inakuwa kubwa zaidi. Huko mchanga hufika kwa mikondo mizito ya maji yaliyochanganyika na tope, inayoteremka mteremko wa bara kwa kishindo. Mkondo wa namna hiyo ukikutana na mgongo wa chumvi haupandi. Unapinda, unazunguka, unatafuta pengo. Kibonde cha kwanza kikijaa ndipo humwagikia cha pili.

Na kuna kikomo. Chumvi yote iliyo chini ya kibonde ikishakimbia, sakafu hukutana na mwamba mgumu na kibonde huacha kuzama. Mchanga unaofika baada ya hapo hauna pa kujikita. Unapita kwenda kwingine. Nilimuuliza ikiwa ndiyo maana mahali pengine mchanga mnene huishia ghafla kwenye umri fulani. Akasema mara nyingi ndiyo, lakini usikimbilie kuilaumu chumvi kabla hujauuliza mto, kwa sababu nao unaweza kuwa umehama.

Tukakaa kivulini kula mihogo ya kuchoma, akaanza habari za Bahari ya Kaskazini, kati ya Uingereza na Norwei, alikojifunzia kazi. Kule chumvi iitwayo Zechstein ilitua mwishoni mwa Permi, miaka kama milioni 255 iliyopita. Mashapo, yaani mchanga na tope, ya Triasiki, kipindi kilichofuata, yakazama ndani yake kwa mafungu, na kuta za chumvi zikasimama katikati ya mafungu hayo. Kisha sehemu za juu za kuta hizo ziliyeyushwa na maji na kubomoka, na palipokuwa pamenyanyuka pakageuka shimo. Mwishoni mwa Jurasiki, bonde la ufa likiwa linapanuka na bahari ikipanda, mchanga wa ufukweni uitwao Fulmar ulikwenda kutua kwenye mashimo hayo: juu ya kuta, si juu ya mafungu. Mtu aliyezoea kanuni ya kwamba juu ya chumvi mchanga ni mwembamba angechimba mahali pasipo na kitu.

Kanuni iliyopo ni moja, nayo haiitaji chumvi kwa jina: mchanga hukaa palipo na nafasi siku ile unapofika. Chumvi inaweza kuinua leo na kuzamisha kesho.

Kingine alichonionyesha kwenye daftari, kwa kuchora, ni jinsi chumvi inavyoficha ufa. Mpasuko wa chini ya chumvi ukisogea, chumvi hutiririka na kulijaza pengo. Tabaka za juu hazikatiki, zinapinda tu. Kwa hiyo mchanga wa juu hauoni ukuta wa ghafla wa bonde la ufa. Unaona mteremko mpole, unatandaa. Palipo na chumvi nene, bonde la ufa linazungumza kwa sauti ya chini. Palipo na chumvi nyembamba au pasipo nayo, linapiga kelele, na mchanga hukatwa vipandevipande. Na chumvi inakuwa nene wapi? Kwenye vibonde vilevile vilivyochimbwa na ufa kabla yake. Ufa ulianza kwa kuamua chumvi ikae wapi, chumvi ikaamua ufa usikike wapi.

Dereva alitukuta tukibishana na akauliza kama tumepata dhahabu.

Ijumaa: Mbwemkuru, Lindi

Siku fupi. Tulivuka Mbwemkuru ukiwa na maji kidogo, tukafika Lindi mapema, wenzangu wakaenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Mchana nilifua suruali iliyoshika tope la Kilwa na kunyoosha maandishi haya. Jioni tulikula samaki wa nazi mbele ya ghuba na hatukuzungumzia miamba hata kidogo, kwa ombi la dereva.

Jumamosi: Tendaguru

Kutoka Lindi kwenda Tendaguru si mbali kwenye ramani, ila barabara ina maoni yake. Tulipita ofisi ya kijiji kujitambulisha, tukapewa mzee wa kutuongoza. Mzee hakuwa na haraka, na alijua kila mti.

Mahali hapa panajulikana kwa mifupa. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba hapa dinosaria, mijusi mikubwa ya kale, ya mwisho wa Jurasiki, ya miaka kama milioni 150 iliyopita. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na mmoja wa mijusi hao amesimama kwenye makumbusho ya Berlin leo akiwa na kimo cha meta 13.27. Hayo yote yalifanyika vita vya Majimaji vikiwa vimetoka tu kupita. Nikitazama umbali tuliopita kwa gari, nikifikiria mfupa wa paja begani, naona kibao kile cha Berlin kina majina machache mno.

Lakini sisi tulifuata mchanga. Tabaka zenye mifupa ni tatu, na zinapishana na tabaka za mchanga wa bahari zenye makombe mazito yenye mistari, aina ya trigonia. Mzee alituokotea moja kwenye njia, akaipangusa kwa kanzu. "Hizi watoto huchezea," akasema. Bahari iliingia, ikatoka, ikaingia tena; nchi ya pwani ikawa mara tambarare ya matope walikonasa wanyama, mara ufukwe wa makombe.

Kilichonivutia baada ya Mandawa ni utulivu. Huku tabaka zimelala karibu bapa. Tulifuata mwamba mmoja wa mchanga kando ya bonde na unene wake haukubadilika hatua kwa hatua kama ule wa korongoni. Kufikia wakati huo Madagaska ilikuwa imeshang'oka na inateleza kwenda kusini kando ya mpasuko wa Davie, ufa mrefu wa sakafu ya bahari. Ilianza miaka milioni 165 hivi iliyopita. Ufa ulipohamia katikati ya bahari mpya, ukingo huu wa bara ukabaki unapoa. Mwamba ukipoa husinyaa na kuwa mzito, na ardhi huzama polepole, kwa eneo kubwa, bila kuchagua. Nafasi ikiwa sawa kila mahali, mchanga nao unatandaa sawa, na kinachotawala ni kina cha bahari tu. Umri unakaribiana na ule wa miamba ya Mandawa, umbali si mkubwa, na tabia ya mchanga ni mbili tofauti kabisa, kwa sababu kule chini kuna kinachotembea na huku hakuna.

Bwana Mawe aliukubali uchambuzi huu, akaongeza kwamba mto pia una sehemu yake. Ana haki. Hata hivyo naona anaupenda mto kupita kiasi.

Jumapili: Mikindani, Mtwara

Tulifika Mikindani maji yakiwa yamekupwa, mashua zimeegemea ubavu. Kusini zaidi Ruvuma unamwaga mchanga wake mpakani na Msumbiji. Mbele ya pwani hii ya kusini, tangu 2010, yamepatikana maeneo ya gesi yaliyopewa majina ya Pweza, Chewa, Jodari, na mbali zaidi, kwenye maji yenye kina cha zaidi ya meta 2,000, Zafarani. Gesi imo ndani ya mchanga ulioteremshwa na mikondo mizito hadi kwenye vilindi, wakati wa Kreteshasi na baada yake.

Dereva, ambaye kwa kweli alikuwa anasikiliza muda wote, akauliza swali ambalo lingestahili alama zote: "Na huko nako kuna chumvi inayosukuma?"

Mbele ya Ruvuma kinachosukumwa ni tope, Bwana Mawe akamjibu. Tope lililofukiwa haraka hushindwa kutoa maji yake. Maji yanabaki ndani yakiwa na mgandamizo mkubwa, tope linakuwa dhaifu, na delta nzima iliyo juu yake huteleza kuelekea baharini. Nyuma, upande wa nchi kavu, inapasuka na kuacha vibonde. Mbele inajikunja na kuinua migongo. Ramani ya mchanga inafanana sana na ya nchi yenye chumvi, ila tope halitiririki kwa ulaini ule, na likishatoa maji yake linagoma.

Na ufa haujaisha. Tawi la Bonde la Ufa la Afrika Mashariki limeshuka baharini, na kati ya mteremko wa bara na mgongo wa Davie linafungua handaki la Kerimba. Mchanga wa Ruvuma unaoteremka sasa hivi, ukifika chini, unakuta sakafu imeinama upya na ukingo umenyanyuka mbele yake. Bwana Mawe alichora handaki hilo mchangani kwa kijiti, kaskazini kuelekea kusini, akaweka kombe pale ambapo mpasuko mmoja unaishia na mwingine unaanza.

"Mlango," nikasema.

"Huo hapo," akasema, na dereva akapiga honi. Malori ya korosho yalikuwa yameanza kupanga foleni.